Bushi za stabilaiza ya nyuma: mpira, poliyurethani au za kuchonga?

Kwa wiki kadhaa gari langu lilikuwa likigonga nyuma, ila si kila mahali. Kwenye tuta la shule, ambako matairi yote mawili hupanda na kushuka pamoja, lilikuwa kimya. Nikiacha lami na kuingia mitaa ya ndani ya Nkuhungu, tairi moja likadumbukia kwenye mfereji uliochimbwa na maji ya mvua, nasikia "kong, kong" chini ya kiti cha nyuma. Gereji ya kwanza niliyolipeleka waliniambia shokapu zimekufa. Nikanunua mbili mpya, nikalipa na ufundi, na jioni ile ile sauti ikanisindikiza mpaka nyumbani. Kumbe kilichokwisha ni bushi mbili za stabilaiza, kile chuma kinachozuia gari kulala upande kwenye kona; bushi zenyewe ni vipande vya mpira vinavyoenea kiganjani.

Nilizibadilisha mwenyewe uani, na kazi yenyewe haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kuchagua. Dukani utaambiwa kuna orijino na kuna za kawaida. Fundi atakwambia zichongwe za nailoni. Rafiki mwenye gari la kupanda milima atakusifia zile za rangi nyekundu au njano za poliyurethani, na jirani atakwambia stabilaiza yenyewe ing'olewe tu maana haina kazi. Hayo yote nimeyapima kwa barabara zetu za Dodoma, lami ndefu iliyonyooka, kisha rafu rodi yenye vumbi jekundu linaloingia hata kwenye sanduku lililofungwa.

Kabla hujanunua chochote

Stabilaiza ni chuma cha mviringo kinachovuka upana wa gari, kimekunjwa ncha zake kuelekea magurudumu. Katikati kinashikwa kwenye chesisi na breketi mbili, na ndani ya kila breketi kuna bushi. Nchani kinaungana na magurudumu kwa linki. Gari likilala upande kwenye kona, chuma kile hujipinda na kukataa, bodi ikarudi kukaa sawa. Matairi yote mawili yakipanda kwa pamoja chuma hakijipindi, kinazunguka tu ndani ya bushi zake. Ndiyo maana tuta la kukatiza barabara nzima linaweza kupita kimya, huku shimo la upande mmoja linagonga. Ukisikia kugonga kwenye tuta lililonyooka, tafuta kwanza kwenye shokapu na bushi za mikono (vyuma vinavyoshikilia magurudumu). Ukisikia kwenye shimo la upande mmoja, au unapolipanda tuta kwa mshazari, stabilaiza inakuwa mshukiwa mkuu.

Hata hapo, usikimbilie bushi. Linki hufa mara nyingi zaidi kuliko bushi, na sauti zao zinafanana. Lala chini ya gari likiwa limesimama kwa matairi yote manne, shika chuma karibu na breketi, ukitikise kwa nguvu juu na chini. Kikicheza ndani ya mpira, au ukiona mwanga kati ya mpira na chuma, bushi imekwisha. Kama pale kimeshika lakini ncha inagonga, linki ndiyo. Usifanye jaribio hili gurudumu moja likiwa limeinuliwa: hapo chuma kinakuwa kimejipinda na kukaza, bushi mbovu itaonekana nzima.

Na hakikisha gari lako lina hicho chuma. Vitz na IST nyingi zina boriti moja ya nyuma inayojipinda yenyewe, kwa hiyo hazina bushi hizi kabisa. Ukiambiwa unahitaji bushi za stabilaiza ya nyuma kwenye gari la namna hiyo, muombe fundi akuonyeshe kwa kidole.

Mpira dhidi ya poliyurethani

Haya ndiyo mashindano ya kweli, mengine yote ni pembeni.

Bushi ya mpira huushika mwili wa chuma. Chuma kikizunguka kidogo, mpira wenyewe ndio unaojinyonga na kurudi, bila kusuguana. Kwenye mwendo mkubwa zaidi chuma huteleza. Poliyurethani haifanyi hivyo. Ni ngumu zaidi: kwenye kipimo cha ugumu kiitwacho Shore A, mpira wa bushi kwa kawaida huwa kati ya 50 na 70, na poliyurethani kati ya 80 na 95. Ndani yake chuma huzunguka kama ekseli ndani ya tundu, kwa hiyo inahitaji grisi, tena grisi ya silikoni. Ikikauka italia kama mlango wa zizi kila unapoingia getini.

Sasa weka vumbi la Dodoma hapo kati. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua karibu haipo, na pepo za Julai na Agosti zinabeba mchanga mwembamba saa zote. Ukingoni mwa bushi yenye grisi, mchanga huo unanata, unageuka uji wa msasa, na chuma kinasuguliwa kila siku. Bushi ya mpira iliyokaa vizuri haina grisi ya kukamata mchanga, na haina nafasi ya kuuingiza. Ikianza kulegea ndipo mchanga unapoingia, na kuanzia hapo inakwisha haraka. Kwa hiyo poliyurethani inadumu zaidi ya mpira, hilo silipingi, lakini inadumu kwa mtu anayeihudumia. Zipo zenye nipo ya grisi (kichuchu cha kuingizia grisi) kwenye breketi, unapiga grisi mpya bila kufungua na ile chafu inasukumwa nje. Ukiamua poliyurethani kwa matumizi ya hapa, tafuta za namna hiyo. Zisizo na nipo utazifungua kila zikianza kulia, na sidhani kama mtu anayetoka Ihumwa saa kumi na mbili asubuhi kuwahi kazini Mtumba ana muda huo.

Kuna na suala la starehe. Poliyurethani inaifanya stabilaiza ianze kazi mapema, maana hakuna ulaini wa kupoteza mwendo. Kwenye lami ya kwenda Morogoro utaona gari limetulia, ukipishana na basi halisukwi sana. Kwenye rafu rodi inakuwa kinyume: shimo la tairi la kushoto linafika mpaka upande wa kulia, na watoto waliokaa nyuma watakwambia wametikisika kichwa. Mpira unameza sehemu ya vishindo hivyo, kwa sababu ndiyo kazi uliyoundiwa.

Mpira nao una adui zake. Mafuta ya injini, grisi ya kawaida na mafuta ya difu (sanduku la gia katikati ya magurudumu ya nyuma) huuvimbisha na kuulainisha mpaka unakuwa kama ugali uliolala. Kama bushi yako imelainika kuliko kukauka, angalia juu yake: yawezekana difu inavuja. Usipoziba uvujaji huo, mpira mpya nao utafuata. Hii ndiyo hali pekee ya gari la kawaida ambayo ningesema poliyurethani inashinda moja kwa moja, kwa kuwa inayavumilia mafuta vizuri kuliko mpira. Lakini kuziba difu bado ni bora.

Kati ya mpira orijino na mpira wa kawaida, tofauti si jina kwenye boksi tu. Bonyeza kwa kucha: mzuri unazama kidogo na kurudi papo hapo. Pinda kwenye mkato wake na uangalie kama kuna nyufa ndogo nyeupe. Tazama kama tundu liko katikati na kuta zina unene ule ule. Mimi nimekuta za bei nafuu zilizo sawa kabisa, na nimekuta boksi la jina kubwa lenye mpira uliokauka kwa kukaa rafuni miaka. Mpira huzeeka hata bila kutumika. Kwa kuwa bushi hizi ni miongoni mwa spea za bei ndogo kwenye gari zima, mimi huongeza fedha na kuchukua orijino pale duka ninaloliamini linapokuwa nayo, na isipokuwepo sisubiri.

Za kuchonga

Fundi mmoja niliyemheshimu kwa kazi zake nyingine aliniambia, "Bosi, hizi za mpira utarudi hapa. Nakuchongea za nailoni sasa hivi, hazifi."

"Fundi, zitanyumbulika?"

"Hazinyumbuliki, ndiyo maana hazifi."

Alikuwa anasema kweli, na ukweli huo ndio ulionifanya nikatae. Stabilaiza haizunguki tu kama ekseli. Gari likilala upande chuma kinajipinda, kinasogea kidogo kando, na pembe yake ndani ya breketi inabadilika. Bushi inayokataa kunyumbulika inayapeleka mapigo yale yote kwenye breketi na bolti zake. Mchanga nao unapenda plastiki ngumu: chembe inajichomeka ndani ya nailoni na kukaa pale, ikisugua chuma cha stabilaiza kila safari. Nailoni hunywa maji na kuvimba kidogo msimu wa mvua. Teflon, plastiki nyingine ya kuchonga, inateleza vizuri lakini ikibanwa muda mrefu hujisukuma na kupungua, ule mkazo wa siku ya kwanza unapotea, na "kong" inarudi.

Nisiwadhulumu wachongaji. Wameokoa magari mengi ambayo spea zake hazipatikani, na kuna bushi nyingine kwenye gari ambazo kazi yao inafaa. Kama una gari adimu, umetafuta hapa na Kariakoo ukakosa, chonga, huku ukijua kwamba unakagua chuma kila ukibadilisha oili. Lakini kwa Toyota, Nissan au Subaru ya kila siku, mpira unapatikana. Usipoupata maduka ya hapa mjini, unaagiza Dar na kesho yake unapokea kifurushi stendi ya mabasi.

Njia za mkato

Kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa kwa kisu, au mpira wa tyubu uliozungushwa kwenye chuma, unakubalika kukutoa Manyoni mpaka Dodoma. Usizidishe hapo. Tairi lina nyuzi ndani, mara nyingi za chuma, na hizo zinakwangua rangi ya stabilaiza na kufungulia kutu mlango.

Kuing'oa stabilaiza ninakupinga kabisa. Sauti itaisha, ndiyo. Lakini waliolichora gari walihesabu stabilaiza ya nyuma pamoja na ya mbele, na ukiondoa moja unabadilisha jinsi gari linavyogawana uzito kwenye kona. Litalala zaidi, na mbele itabeba kazi isiyo yake. Kwenye mitaa iliyonyooka ya Kisasa huenda usione tofauti. Siku utakayoshuka kona za Sekenke na familia ndani na mizigo juu, utaiona wakati mbaya.

Spea za mtumba zina nafasi moja tu. Bushi zilizotumika usinunue, maana unalipia uzee wa mtu mwingine. Ila kama chuma chenyewe cha stabilaiza kimeliwa, kutafuta chuma kilichotumika kwenye gari lililokatwa ni jambo la akili, kisha unakivisha bushi mpya. Kipime kwanza. Ukakamavu wa chuma hiki unakua kwa unene wake uliozidishwa mara nne kwa wenyewe, kwa hiyo ukitoka milimita 19 ukaweka 21, umekifanya kikakamavu karibu mara moja na nusu. Milimita mbili zinaonekana ndogo machoni, lakini barabarani gari litakuwa jingine.

Pima chuma, usitaje gari peke yake

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza fedha, nami nilipotea mara moja. Unafika dukani, unataja gari na mwaka, unapewa bushi, unafunga, na baada ya mwezi sauti imerudi. Gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na stabilaiza za unene tofauti kulingana na injini au kama ni la magurudumu manne. Zaidi ya hayo, chuma cha gari lililokwishakimbia miaka kwenye vumbi kimeliwa mahali pale pale bushi inapokaa.

Ondoa breketi, safisha chuma kwa brashi na maji ya sabuni, halafu kipime kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) sehemu mbili: chini ya bushi, na sentimita chache pembeni ambako hakijaguswa. Changu kilikuwa na milimita 19 pembeni na 18.5 chini ya bushi. Bushi ya 19 niliyopewa kwa jina la gari isingekishika kamwe. Niliporudi na kuomba ya 18, muuza duka alishangaa, akaitafuta, na gari likanyamaza. Kwa hesabu hii poliyurethani ina faida moja ya haki: huuzwa kwa tundu la milimita fulani, si kwa jina la gari pekee, kwa hiyo mwenye chuma kilicholiwa anapata chaguo pana. Kama chuma kimeliwa mpaka kuna ngazi unayoisikia kwa kucha, bushi yoyote itakuwa ya muda. Tafuta chuma kingine.

Uani au gereji?

Bushi za nyuma ni kazi ya nyumbani kwenye gari nyingi, kwa sababu breketi zinaonekana ukilala chini tu. Za mbele ni habari nyingine. Mara nyingi zimejificha juu ya fremu inayobeba injini, na huko nisingekushauri ujaribu uani.

Kinachonifanya niipendelee kazi hii nyumbani si kuokoa ujira, kwa sababu ujira wenyewe ni mdogo. Ni kwamba gereji yenye foleni haitapima chuma, haitakisafisha, na itapaka grisi yoyote iliyopo kwenye kopo ili mpira uteleze. Wewe utatumia maji ya sabuni. Kama huna stendi za kuegemezea gari, hapo nenda gereji bila kusita, na ubebe bushi zako ulizopima. Matofali na mawe usiyategemee juu ya kichwa chako, tofali linapasuka bila kutoa taarifa.

Udongo wetu ni wa kichanga, na jeki huzama upande mmoja. Weka ubao mnene na mpana chini yake, na chini ya kila stendi pia. Kaza handibreki, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kisha inua nyuma yote, magurudumu mawili kwa usawa. Usawa huo ndio unaokifanya chuma kisiwe na mkazo, bolti zikatoka bila kuruka. Kama gari liko juu kiasi cha wewe kuingia chini, unaweza kuliacha limesimama kwa matairi yake na kuikwepa jeki kabisa.

Magari ya Kijapani hutumia bolti za kichwa cha milimita 12 au 14 kwenye breketi hizi mara nyingi. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi. Hewa ya Dodoma ni kavu na haitupi kutu kama Tanga, lakini gari lililotoka sehemu za Japani zenye theluji linaweza kuja na kutu ya chumvi ya barabarani, na bolti ikikatika ndani ya chesisi, kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili. Ikikaza kupita kiasi, ikaze kidogo kwanza, kisha irudishe.

Fungua upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili, ili chuma kisihame mahali pake. Kabla ya kuitoa bushi ya zamani, angalia mkato wake umeelekea wapi, mbele au nyuma, na uipige picha kwa simu. Mpya ikae vivyo hivyo. Breketi ikigusa chesisi vizuri pande zote mbili, kipimo ni sahihi. Ikibaki na mwanya mkubwa unaotaka kuvutwa kwa nguvu za bolti, bushi ni nene kuliko inavyotakiwa, na kuilazimisha kutakula uzi wa bolti. Bana bolti kwa zamu, kidogo kidogo, na umalizie gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Kama una spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), tumia kipimo cha kitabu cha gari lako. Bolti hizi si kubwa, na wengi huzivunja kwa kuzikaza kama nati za tairi.

Kuhusu nani achukue nini, nitasema ninavyoona. Gari la kwenda kazini na kurudi, lenye rafu rodi kila siku: mpira, kwa kipimo cha chuma. Noah au gari lingine linalobeba watu saba na mizigo kwenda Kongwa au Kondoa kila wiki: mpira orijino, na linki mpya siku hiyo hiyo, kwa sababu mzigo huo unazimaliza pamoja. Gari linalokimbia lami tupu, na mwenyewe anapenda kuisikia barabara, mwenye grisi ya silikoni na jumamosi za kulihudumia: poliyurethani yenye nipo. Mwenye chuma kilicholiwa, aanze na chuma.

Baada ya wiki ya kwanza, au kilomita mia hivi, ingia tena chini na spana. Mpira mpya ukishajikalia, bolti huweza kulegea kidogo.